Wale wa Saa Kumi na Moja

Katika mambo ya dini yetu liko neno moja ambalo watu hulikubali upesi kwa midomo, bali mioyo yao hukawia sana kulipokea. Neno hilo ni neema. Waulize wanafunzi wa ubatizo, "Mwaokolewa kwa nini?" nao watakujibu kwa sauti moja, kama watoto wanaoimba jedwali la kuzidisha, "Kwa neema, kwa njia ya imani." Jibu ni sahihi. Lakini ngoja mpaka neema hiyo apewe jirani ambaye wao wamwona hakustahili, ndipo utakaposikia manung'uniko. Mimi si mchungaji, wala sikusoma chuo cha wachungaji. Ni mwalimu wa shule, na kazi yangu ya kila siku ni kuwapa watoto alama kwa kadiri ya walivyofanya. Aliyepata hesabu 8 katika 10 nampa 8, siongezi wala sipunguzi. Basi mtu asidhani ya kuwa nadharau kazi, au napenda wavivu. Nataka tu kuliangalia jambo hili kama linavyoonekana huku kwetu mlimani, kati ya migomba na kahawa.

Huku kwetu, katika mteremko wa Kilimanjaro, maji ya mashamba huja kwa mifereji. Babu zetu waliichimba kwa mikono kutoka mito ya juu, na mingi ilichimbwa kabla Mzungu hajafika. Kila mfereji una wazee wake na sheria zake. Siku ya kuuzibua kila nyumba yatoa mtu na jembe lake. Asiyekuja hutozwa faini, na akikataa kulipa, zamu yake ya maji humpita. Sheria hii ni njema. Pasipo hiyo mfereji ungejaa matope kwa mvua moja kubwa, na wenye bidii wangechoka kuwalimia wenzao. Twakua tukiijua sheria hii kabla ya kujua kusoma.

Basi sheria ya mfereji twaichukua na kuipeleka mbinguni. Twadhani Mungu ni mzee wa mfereji, ameketi juu na daftari lake, akiandika nani alikuja na jembe na nani alibaki nyumbani. Lakini Bwana Yesu, alipotaka kuwaeleza watu habari za Baba yake, katika sura ya 5 ya Injili ya Mathayo, hakutaja maji ya mfereji. Alitaja jua na mvua, ambavyo wema na waovu hupata pamoja. Hakuna mkulima asiyejua tofauti ya mvua na mfereji.

Msimu wa kahawa uliopita, katika darasa letu la kusoma Biblia jioni, twalifika sura ya 20 ya Injili hiyo, mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu. Nafikiri mfano huu twausikia sisi vizuri kuliko watu wa nchi nyingine nyingi. Kwanza, saa zake ni saa zetu. Mwenye shamba alitoka alfajiri, tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Mwingereza hana budi kuelezwa saa hizo ni saa gani, bali mtu wetu aangalia jua tu na kujua. Pili, darasani walikuwamo watu ambao mchana ule ule walikuwa wamechuma kahawa ya watu wengine kwa kulipwa kwa debe. Aliyejaza madebe manne alilipwa manne, na aliyejaza moja alilipwa moja. Mikono yao ilikuwa bado myeusi kwa utomvu.

Basi tulipofika pale ambapo wa saa kumi na moja wapewa dinari moja, nao wa alfajiri wapewa dinari moja, darasa likanyamaza. Mzee mmoja akavua kofia yake, akasema, "Mwalimu, bwana huyu mwakani hatapata kibarua asubuhi. Watu wote watalala, watakuja saa kumi na moja." Wote wakacheka, hata mimi nikacheka. Walakini neno la mzee lilikuwa la kweli kabisa, kama shamba lile lingekuwa shamba la kahawa. Mtu akiendesha shamba lake kwa mfano huu, atafilisika kabla ya mavuno ya pili.

Lakini twalisoma tena polepole, tukaona mambo tuliyokuwa tumeyapita. Mwenye shamba yule alikuwa na msimamizi, maana jioni msimamizi ndiye aliyeambiwa alipe. Hata hivyo kwenda sokoni alikwenda mwenyewe, mara tano kwa siku moja. Ni tajiri gani afanyaye hivyo? Kwetu humtuma mnyapara mara moja, basi. Tena saa kumi na moja, jua likikaribia kuchwa, mtu aweza kufanya kazi gani ya maana? Kufika shambani na kupewa chombo kwatosha kumaliza saa yenyewe. Naona hakwenda kwa sababu alihitaji mikono. Alikwenda kwa sababu wale watu walikuwa wangali wamesimama. Nao walipoulizwa sababu ya kusimama, hawakusema ya kuwa walikuwa wakingoja jioni ili kazi iwe nyepesi. Walisema hakuna aliyewaajiri. Hoja ya mzee wetu, ya kwamba watu watalala makusudi, haimo katika mfano. Mtume Paulo aliisikia hoja iyo hiyo, akaijibu katika sura ya 6 ya Warumi, wala hakuijibu kwa upole.

Haikupita miezi miwili, mfano ule ukatoka katika kitabu ukaingia kijijini kwetu. Alikuwako mzee mmoja, sitamtaja jina, aliyejulikana mtaa mzima kwa mbege na kwa ulimi wake. Kanisani hakuonekana. Mwaka wa kujenga kanisa letu la mawe hakubeba jiwe hata moja. Akaugua ugonjwa wa tumbo, na alipoona haponi akamwita mchungaji, akataka ubatizo. Mchungaji akaenda mara tatu kumfundisha na kumpima moyo, kisha akambatiza kitandani, mbele yetu watu wachache. Akaishi siku tisa. Akazikwa katika kihamba chake, kengele ikapigwa, kwaya ikaimba.

Baada ya maziko mama mmoja alinijia shuleni. Mtoto wake wa mwisho yu darasani mwangu. Ni mama wa kanisa hasa, wala hakuna Jumapili asiyofika. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu," akaketi katika dawati la mtoto, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe umesoma, nieleze. Mwaka ule wa kujenga, nalikuwa na mimba ya huyu uliye naye darasani. Nalibeba mawe kichwani kutoka mtoni mpaka mwezi wa saba wa mimba. Yule mzee alikuwa akikaa njiani na kata yake ya pombe, akitucheka. Leo amepigiwa kengele ile ile, ameimbiwa nyimbo zile zile, na mchungaji amesema yu pamoja na Bwana. Kama ndivyo, mawe yale nalibebea nini?"

Nawaambia, ndugu, katika vitabu vyote nilivyosoma habari za imani na matendo sijaona swali lenye nguvu kupita hili. Wenye elimu hubishana kwa maneno ya Kiyunani na Kilatini. Mama huyu aliuliza kwa shingo yake iliyobeba mawe. Wala halikuwa swali la husuda tu. Alikuwa akiogopa. Kama mawe hayahesabiwi, basi miaka yake yote imehesabiwa wapi?

Nikamwuliza, "Mama, mwaka ule wa mawe, nyumbani kwako kulikuwaje?" Akasema mumewe alikuwa hai, jioni walisali pamoja, na njiani kutoka mtoni akina mama walipokezana nyimbo, mpaka mzigo ukasahauliwa. "Na nyumbani kwa mzee yule?" Hakujibu, maana sote twajua. Mkewe alirudi kwao. Wana wawili walikwenda mjini wasiandike barua. Usiku majirani walimsikia akimwita marehemu baba yake kwa sauti, akiogopa laana aliyoachiwa. Nikasema, "Wale waliosimama sokoni kutwa hawakuwa wakistarehe, mama. Walisimama juani wakiwaza watoto watakula nini. Aliyeajiriwa alfajiri alitoka jasho, lakini alitoka jasho akijua dinari yake ipo. Katika hao wawili, ni nani aliyekuwa na siku njema?"

Akafikiri sana. Mwisho akasema, "Nimesikia, mwalimu. Lakini moyo ungali unaniuma kidogo." Akaenda zake kukata majani ya ng'ombe. Nami sikumlaumu. Katika mfano wa mwana mpotevu, yule ndugu mkubwa, mchapa kazi, twamwacha amesimama nje, baba yake akimsihi aingie. Luka hatuambii kama aliingia.

Sasa niseme kidogo habari za maneno ya Mtume, maana wengi husema ya kuwa Paulo na Yakobo wapingana: mmoja asema Ibrahimu alihesabiwa haki kwa imani, mwingine asema kwa matendo. Mimi kama mwalimu wa hesabu nalichukua kalamu nikahesabu miaka. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 15, chatuambia Ibrahimu alimwamini Mungu, naye akahesabiwa haki. Katika sura ya 16 Ishmaeli azaliwa, na Ibrahimu ana miaka 86. Katika sura ya 17 atahiriwa, naye ana miaka 99. Basi tangu kuhesabiwa haki mpaka kutahiriwa si chini ya miaka 13. Hapo ndipo Paulo anaposimama katika sura ya 4 ya Warumi: miaka yote hiyo Ibrahimu alikuwa mwenye haki mbele za Mungu, hali hana alama yo yote mwilini, wala kazi yo yote ya kuonyesha. Naye Yakobo asimama mahali pengine. Atazama sura ya 22, mlima wa Moria, ambapo Isaka ni mvulana wa kutosha kubeba mzigo wa kuni. Ibrahimu alikuwa na miaka 100 Isaka alipozaliwa. Kwa hiyo toka sura ya 15 mpaka sura ya 22 imepita yapata miaka 20 au zaidi. Paulo asema jinsi mti ulivyopandwa, Yakobo asema jinsi ulivyoonekana ulipozaa. Yakobo mwenyewe asema ya kuwa pale mlimani lile andiko la kwanza lilitimizwa, hasemi lilifutwa. Watu ambao Yakobo aligombana nao ni wale wamwonao ndugu yao uchi na mwenye njaa, wakamtakia heri na kumwacha aende vivyo hivyo. Nadhani Paulo angegombana nao vile vile.

Tena Paulo alichagua maneno yake kama mtu ajuaye mambo ya kazi. Mikono yake ilishona hema. Mwisho wa sura ya 6 ya Warumi aisema dhambi kama bwana alipaye mshahara, na mshahara wenyewe ni kifo. Alipofika kwa Mungu akaliacha neno mshahara, akaweka neno la zawadi. Hakusema ya kuwa Mungu hulipa mshahara mzuri zaidi. Kibarua na mwana wa nyumba wote wawili huonekana shambani na jembe. Kwa mbali huwezi kuwatambua. Watatambulikana jioni, kibarua atakapokwenda dirishani kulipwa, naye mwana ataingia ndani kula.

Martin Luther alikuwa kibarua wa namna hiyo, tena mwenye bidii. Aliingia nyumba ya watawa mjini Erfurt mwaka 1505, akafunga, akakesha, akaungama dhambi zake mpaka waungamishi wake wakachoka. Amani hakuipata. Ni katika kuufundisha waraka wa Warumi, mwaka 1515 na 1516, na katika kuyatafakari maneno yake miaka ile, ndipo alipoanza kuona ya kuwa haki ya Mungu ni kitu apewacho mtu, wala si fimbo ya kumpimia. Mwaka 1517 mtawa mmoja, Johann Tetzel, alikuwa akizunguka katika nchi ya Ujerumani akiuza vyeti vya kusamehewa adhabu za dhambi. Fedha zilikuwa za kujengea kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma, na sehemu yake ilikwenda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Luther akaandika hoja zake 95, na mengine mwayajua.

Mlima wetu uliurithi ugomvi ule pasipo kuuliza. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, nao Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanza kazi Kilema kabla yao. Mtu akawa Mlutheri au Mkatoliki kwa kadiri ya mahali alipozaliwa, na wakwe wakakaa arusini wakitazamana kwa mashaka: hawa husema wale wanunua mbingu kwa matendo, na wale husema hawa wamepewa ruhusa ya kulala. Yote mawili si kweli. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulikana waziwazi ya kuwa mtu aweza kupata haki kwa matendo yake pasipo neema. Na Luther alifundisha Amri Kumi katika katekisimu zake kabla ya kufundisha Imani. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, wajumbe wa Walutheri na wa Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili la kuhesabiwa haki, nao Wamethodisti wakalikubali mwaka 2006. Mambo mengine yamebaki bila kupatana, lakini katika hili walisema pamoja ya kuwa twapokelewa na Mungu kwa neema peke yake, na ya kuwa neema hiyo hututuma kutenda mema. Nasikitika kwamba habari hizi hazijafika vijijini kama zilivyopasa. Wakwe wangali wanatazamana.

Liko jambo moja ambalo halinipi usingizi, nami nalisema kwa heshima. Sharika zetu zatoa kadi za ahadi na bahasha zenye namba. Ni desturi nzuri. Paa halijijengi, na mwinjilisti naye ana watoto. Lakini nimesikia habari za mahali pengine, ambapo mtu akifa kwanza hutafutwa bahasha zake, na kama ahadi haikutimizwa, watu wa nyumba yake huambiwa walipe ndipo ibada ya maziko ifanyike. Nalimsikia bibi mmoja mgonjwa akimwomba mjukuu wake auze kuku wawili, "ili nisikataliwe." Hakusema akataliwe na nani, na naogopa ya kuwa kwake yeye mzee wa kanisa na Bwana Mungu walikuwa wamekuwa kitu kimoja. Kama bibi huyo, aliyebatizwa na kulishwa meza ya Bwana miaka 50, alala kitandani akihesabu kuku, basi tumemfundisha nini? Tetzel hakuja na sanduku lake mpaka mlimani kwetu, lakini sanduku lenyewe si kazi kubwa kulichonga.

Wengine watasema, mwalimu, ukihubiri hivyo bahasha zitarudi tupu. Labda. Lakini nawaomba msome sura ya 8 ya waraka wa pili kwa Wakorintho. Paulo, aliyepiga mbiu ya neema kupita wote, alikuwa akikusanya fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, kazi iliyomsumbua kwa muda mrefu. Na katika kuuandika mchango ule kwa Kiyunani alitumia neno charis, ndilo neno lile lile tunalolitafsiri neema. Hakuuita kodi wala deni la kaburi. Awaeleza Wakorintho habari za Wakristo wa Makedonia, waliokuwa maskini sana, tena katika dhiki, jinsi walivyomsihi wapewe nafasi ya kutoa, wakatoa kupita nguvu zao, hali wamekwisha kujitoa wenyewe kwa Bwana. Fedha zile Paulo alizichukua pamoja na wenzake mpaka Yerusalemu, ijapokuwa njiani watu walimwonya asiende. Akafika, akawapa sadaka watu wa taifa lake, na siku zile zile akakamatwa hekaluni, akafungwa minyororo miwili.